Dirisha la Chumba cha Baba

Kama leo umeambiwa usikae na wenzako, ukaonyeshwa benchi la nje, lile lililo peke yake karibu na mlango wa maabara, haya ninayaandika kwa ajili yako. Mimi nililikalia. Ubao wake una ufa katikati unaobana nguo ukiinuka haraka, kwa hiyo inuka polepole. Utapewa kikopo, utaambiwa uende nyuma ya jengo ukakohoe, na utaona aibu kurudi nacho mkononi mbele za watu. Rudi nacho hivyo hivyo. Aibu ile inapita. Mengine hayapiti yote, na hayo pia nitakueleza.

Jina langu ni Namkunda. Kwetu ni juu milimani, upande wa Chome, na mimi ni mtoto wa kwanza. Niliacha shule darasa la tano, baba alipoanza kukohoa na jembe likakosa mtu. Baba alifariki katika hospitali ya milimani, mwendo wa nusu siku kutoka nyumbani, wakati wa masika mazito. Barabara ilikuwa imeporomoka na gari la hospitali halikuwa na dizeli, kwa hiyo hatukuweza kumleta nyumbani. Alizikwa hapo hospitalini, chini ya mikaratusi. Mama alimfuata akiwa nyumbani, katika chumba kilekile baba alichougulia. Nikabaki mimi, mdogo wangu Eliapenda, na kitinda mimba wetu Sifaeli, ambaye alikuwa bado hajaota meno ya ukubwani.

Kikohozi changu kilianza tunavuna maharage. Kwanza nilisema ni vumbi la maganda. Halafu nikasema ni baridi. Siku niliyoona damu kwenye kanga niliikunja upande ule ndani, nikaendelea kupiga maharage, kwa sababu Eliapenda alikuwa ananitazama.

Miaka ile sabuni ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani, na kule Same mnadani nguo za mitumba zilijaa, lakini hospitalini pamba ilikuwa ikiisha na mabomba ya sindano yalichemshwa kwenye sufuria hadi namba zake zikafutika. Wagonjwa wengine walianza kuambiwa wachangie matibabu. Dawa za kifua zilibaki bure. Hilo nalo nililihesabu kuwa ni huruma, nikaingia wodini.

Wodi ya kifua ilikuwa chini ya nyingine zote, penye upepo. Kati ya upande wa wanawake na upande wa wanaume palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kitanda changu kiliegemea ukuta huo. Baba alifia upande wa pili, karibu palepale. Nilipajua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimletea uji.

Jioni ya kwanza, ukungu uliposhuka, nilimsikia. Kila mtu ana kikohozi chake kama alivyo na mwandiko wake. Cha baba kilikuwa kifupi kifupi, kisha kimoja kirefu cha kumalizia, kama mtu anayeburuta gogo kwenye changarawe. Nikajiambia kuna mgonjwa mwingine kule mwenye kikohozi kama hicho. Sikuuliza. Kila jioni kilikuja, na mimi nikiweka mkono kwenye ule ukuta wa mbao nilihisi kama unatetemeka.

Nikueleze mwili unavyokuwa. Mkojo utageuka rangi ya chai ya rangi, usiogope, ni vidonge. Makalio yatauma kwa sindano za kila asubuhi, leo upande huu, kesho ule, na utajifunza kulala kifudifudi. Masikio yatavuma kama kuna mto karibu. Matiti yangu yalikuwa yamenyauka nikawa kama mvulana, na siku zangu za mwezi zilikuwa zimekoma tangu mavuno. Ndugu wataacha chakula chako mlangoni na kurudi nyuma kabla hujafika. Wasamehe kama unaweza. Kila wiki utapanda mizani, na siku ile mkono wa mizani utakaposogea kidogo tu kwenda kulia, utatamani kumwambia mtu.

Mtu wa kumwambia nilimpata. Hospitali ile ilikuwa na chuo cha uuguzi, na chuo kilikuwa kimepata mwalimu mkuu mpya, Sista Bernadeta, ambaye baba yake alikuja kutoka Kigoma akiwa manamba kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare. Zamani chuo kilichukua wasichana wa milimani peke yao. Yeye alianza kuchukua watoto wa kambi za mkonge na wasichana wa Kimaasai. Tena akaweka sheria kwamba kila mwanafunzi apewe mgonjwa mmoja, amfuate tangu kitandani mpaka nyumbani kwake, ajue kwao wanakula nini, wanalalaje, na ugonjwa ule wanauitaje kwa lugha yao. Mimi nilipewa Nasieku, msichana mrefu wa kutoka tambarare, masikio yake yametobolewa na kunyooshwa.

Asubuhi ya kwanza aliingia na trei, na Bibi Nambua, aliyelala kitanda cha pili kutoka changu, akauliza wodi nzima, "Huyu ndiye atakayetuchoma? Babu zake walitumalizia ng'ombe kwa mkuki, sasa yeye kaja na sindano."

Wodi ikacheka, ikakohoa, ikacheka tena.

"Shikamoo, Bibi," alisema Nasieku.

"Marahaba. Ng'ombe wetu wako wapi?"

"Wanakunywa maji, Bibi. Wakishiba nitawaleta. Naomba ugeuke."

"Sigeuki. Kaniitie Mpare mwenzangu."

Wanawake wengine nao wakakataa mmoja baada ya mwingine, wakajifunika blanketi. Nasieku alisimama katikati na trei yake, na mimi niliona mikono yake ilivyotulia. Nikageuka. Nilikuwa na watoto wawili nyumbani, sikuwa na nafasi ya kuchagua mkono. Alichoma taratibu kuliko wote waliowahi kunichoma. Bibi Nambua akachungulia kutoka kwenye blanketi lake. "Umepona?" akaniuliza. Baada ya siku chache naye aligeuka, akinung'unika.

Nasieku ndiye niliyemwambia habari ya mizani. Na ndiye niliyemuuliza, mwishowe, "Nani amelala huku ng'ambo ya ukuta?"

"Hakuna mtu, dada," alisema. "Paa linavuja. Wanaume walihamishwa kabla hujaja."

Sikuuliza tena. Jioni ile kikohozi kilikuja kama kawaida.

Baba mdogo Yonaza, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa akiwalea wadogo zangu. Alikuja siku ya soko. Hakuingia wodini, alisimama nje ya dirisha, kofia mkononi.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Unanenepa." Akatazama mikaratusi. "Wazee wamekaa. Tutakuja kukuchukua wiki ijayo, tukafanye tambiko."

"Sindano hazijaisha."

"Kaka yangu analala ugenini kama mtu asiye na ndugu. Hatukumwonyesha njia. Mama yako kaondoka, sasa wewe. Unataka nisubiri Sifaeli naye aanze?"

"Baba mdogo, baba naye mlimchukua hivyo hivyo."

Nilisema neno hilo na nikaona limemwingia. Ilikuwa kweli. Baba alitolewa wodini sindano zikiwa katikati, akapelekwa nyumbani kutambikiwa, akapata nafuu ya siku chache, akasema hana haja ya kurudi. Aliporudi alibebwa. Siku ile ya tambiko Baba mdogo ndiye aliyeshika kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa. Desturi ni mgonjwa anywe kwanza, kisha kibuyu kizunguke kwa wote wa nyumba. Baba alikunywa, mama akanywa, sisi tukanywa. Baada ya msiba, wanafunzi wa chuo wa wakati huo walipita kijijini na picha ya kibuyu imechorwa fuvu, wakasema hiki ndicho kinachowaua. Tangu siku hiyo Baba mdogo hakula tena nyumbani kwetu. Alikuwa anakaa kizingitini.

"Ningepewa udongo wa kaburini tu," alisema, "ningemrudisha kaka kwake na wewe ningekuacha hapa. Nimekuja mara mbili. Mlinzi ananifukuza, anasema hapa si pa uchawi." Akavaa kofia. "Usipokuja, wazee wanasema watoto wagawanywe. Eliapenda aende kwa shangazi yenu Kileo, Sifaeli apelekwe kwa wajomba. Hawatakubali walale katika nyumba iliyokataa kutengenezwa."

Nilibaki na mambo mawili tu, na nilijua yote mawili yalivyo. Nikiondoka, nitarudi nimebebwa kama baba. Nikibaki, nitapona nikute nyumba tupu. Siku ile sikula. Mkono wa mizani ulirudi kushoto.

Nasieku aliniuliza-uliza mpaka nikamwambia. Aliondoka, na kesho yake Sista Bernadeta akaja mwenyewe. Alikaa kitandani kwangu. Naandika hilo kwa sababu wewe uliye kwenye benchi utajua maana yake. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa kitandani kwangu tangu nilipoingia.

"Nieleze yote," alisema. "Usifupishe."

Nilimweleza. Nilipofika kwenye kibuyu alinizuia. "Nani aliwaambia ni kibuyu?"

"Nyie."

Akanisogelea. "Mlikunywa wapi siku ile? Nje?"

"Ndani, chumbani kwa baba. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Chumba kina dirisha?"

"Hakina. Kwetu ni baridi."

Yaliyofuata aliniambia Eliapenda, alipokuja na ndizi za kuchoma. Baragumu lilikuwa limepigwa kilimani kuita msaragambo. Kwetu likilia hivyo, kila nyumba hutoa mtu na jembe kwa kazi ya wote. Safari hii ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia. Watu walipofika walimkuta Sista Bernadeta na wanafunzi wake wamekwisha kuingia majini.

"Sista alivua viatu, dada," Eliapenda alisema akicheka. "Tope mpaka huku. Na yule Mmaasai wako anazoa kama wanaume wawili. Wazee walikuwa wanamtazama, wanamtazama. Mmoja akasema, huyu tukimpa kiwanja hatarudi tambarare."

"Halafu?"

Eliapenda akaacha kucheka. Kazi ilipoisha, wazee walimuuliza Sista amekuja kutafuta nini, maana watu wa chuo hawajawahi kushika jembe pale. Akasema amekuja kuomba radhi. Akasema, "Chuo chetu kiliwaleta watoto hapa wawafundishe ninyi, hakikuwaambia wawaulize kwanza. Waliwaambia kibuyu kinaua. Tulikosea. Ugonjwa huu huenea kwa hewa, mtu anapokohoa ndani ya chumba kilichofungwa. Na ndugu yenu alikuja kwa ajili ya kaburi la kaka yake, tukamfukuza getini kama mwizi. Kaburi ni lenu. Njooni mfanye mnachotaka kufanya, na mgonjwa awepo, ila asikose sindano hata moja."

Ndipo Baba mdogo akauliza, kwa sauti ambayo Eliapenda alisema hakuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mzee wangu."

Baba mdogo akakaa palepale kwenye tope, akajifunika uso kwa kofia. Hakuna aliyemwinua. Waliendelea kusafisha majembe yao mpaka aliponyanyuka mwenyewe.

Hospitalini si wote waliopendezwa. Muuguzi mmoja wa siku nyingi alisema tukimsikia kwamba sasa chuo kimekuwa kilinge. Sista alimjibu kwamba anaweza kuja kuona. Hakuja.

Ilikuwa kipupwe, ukungu umekaa chini kwenye nyasi. Asubuhi Nasieku alinichoma sindano kama siku zote, akanivalisha sweta lake, tukashuka makaburini. Makohozi yangu yalikuwa yamepimwa siku zile yakaonekana hayana kitu tena, na Sista aliwatangazia wote jambo hilo kwa sauti. Baba mdogo alikuwepo na wazee, wadogo zangu, na wanafunzi waliosimama nyuma bila kujua waweke wapi mikono. Bibi Nambua alikuja na blanketi lake ingawa hakualikwa.

Baba mdogo aliongea na baba kwa Kipare kama anavyoongea mtu na kaka yake aliyechelewa njiani. Alimwambia mvua ilikuwa nyingi siku ile. Alimwambia hatukumwacha kwa kupenda. Alimtajia njia ya kurudi, mto kwa mto, mpaka mlangoni. Akajaza mdomo dengelua akaipulizia ardhini. Halafu akanipa kibuyu.

Nilikunywa kidogo, nikakishika. Nilitakiwa kukipitisha, na sikujua nimpe nani. Eliapenda alikuwa amemshika Sifaeli mkono na wote walikuwa wanakitazama kibuyu. Wazee nao walikitazama. Maneno ya Sista walikuwa wameyasikia vizuri, lakini woga wa miaka ile ulikuwa bado umekaa vifuani mwao. Hata Baba mdogo hakunyoosha mkono. Nikaona kumbe nitasimama pale na kibuyu changu kama nilivyokaa kwenye benchi.

Nasieku akatoka nyuma ya wenzake, akakichukua kwa mikono miwili, akanywa palepale nilipokunywa. Akafuta mdomo. "Kikali," alisema.

"Ah," alisema Bibi Nambua, "Mmaasai amekunywa denge letu. Ng'ombe wetu wamerudi." Akatoa mkono kwenye blanketi. "Lete huku. Takwenya."

"Iko, Bibi," alijibu Nasieku, na mimi sikujua hadi siku ile kwamba yule bibi alikuwa amejifunza kuamkia kwa Kimaasai.

Kibuyu kikazunguka. Baba mdogo alikunywa wa mwisho, macho amefumba. Kisha akachimba udongo na kuokota jiwe moja juu ya kaburi. Zamani, alituambia, tungechukua kichwa chake tukakiweke mwambani kwa baba zake. Siku hizi sisi ni Wakristo, utatosha udongo. Akavifunga kwenye jani kavu la mgomba na kuvibeba kifuani, si begani.

Jioni ile niliweka mkono kwenye ukuta wa mbao. Ukungu ulishuka, giza likaanza. Kimya. Nililia, na sijui hata leo kama ilikuwa ni furaha.

Sindano ziliisha. Nikapewa vidonge vya kumeza nyumbani hadi masika yapite, na Nasieku akanisindikiza kama sheria yao ilivyotaka. Siku zangu zilirudi njiani, tukipumzika kwenye jiwe, nami nikacheka kama mwendawazimu. Alinichania kipande cha kitenge chake, tukaendelea.

Alipoingia chumba cha baba alisimama akaangaza macho. Kuta za udongo, nyufa zimezibwa kwa matambara. Hapakuwa na tundu lolote la hewa. "Ni hapa," alisema taratibu.

Wiki hiyo baragumu lililia tena. Msaragambo wa kutoboa madirisha haujawahi kuonekana kwetu, na wapo waliokuja kwa ajili ya kucheka. Walianza kwetu. Baba mdogo alipiga mtaimbo wa kwanza kwenye ukuta wa chumba cha kaka yake, udongo ukaanguka ndani, na mwanga ukaingia mpaka kwenye kitanda. Alikula kwetu mchana ule. Makande. Alikaa ndani, si kizingitini, akaomba aongezwe. Kabla ya mvua kuanza walikuwa wametoboa kila nyumba iliyokuwa na mgonjwa. Hakuna aliyetaja tena Kileo, wala wajomba.

Nilimaliza dawa. Sifaeli sasa ni mrefu kuliko mimi na hajawahi kukohoa zaidi ya mafua. Nasieku ni muuguzi tambarare, kwao, na kila anapokwenda soko la Same hunitumia maziwa ya mgando. Haya ndiyo ninayotaka uyashike: usiondoke sindano zikiwa katikati, hata wakikuita kwa upendo. Waambie waje ulipo. Na wanaokutibu waulize, wasichokijua kuhusu kwenu waambie.

Sehemu iliyobaki ni yangu. Chumba kile ninalala mimi. Udongo ule Baba mdogo alingoja nirudi ndipo auzike nyuma ya nyumba. Wiki moja baadaye, nikiwa nakunja nguo, ukungu umeshuka, nilikisikia. Kifupi kifupi, kisha kirefu. Tulimwonyesha njia, na alikuwa amefika.

Wadogo zangu hawakisikii. Wananilalamikia baridi, hasa mwezi wa sita, wanauliza kwa nini dada hufungua dirisha hata ukungu unapoingia mpaka kwenye mto. Nawaambia wajifunike. Jioni kikianza, naacha blanketi langu, nasukuma ubao wa dirisha mpaka ugonge ukuta kwa nje, na ninasimama pembeni kidogo, nisizuie hewa, mpaka amalize.